Tusizibe gari kabla ya kujua maji yanapoingilia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo linalowahusu wenye magari yaliyokwisha kutumika, mafundi wanaotuhudumia na watu wanaoyauza. Mvua za vuli haziko mbali, na najua wapo wengi ambao masika yaliyopita yaliwaachia gari lenye kapeti bichi, harufu ya uvundo na vioo vinavyofunga ukungu kila asubuhi.

Januari mwaka huu nilinunua gari dogo la Kijapani la mwaka 2009 kutoka kwa mtu aliyekuwa amelitumia hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa. Injini ilikuwa tulivu na ndani palikuwa pasafi. Mwezi Machi, asubuhi moja baada ya mvua iliyonyesha usiku kucha, nilikuwa nampeleka binti yangu shuleni akaniambia, “Baba, soksi zangu zimelowa.” Nilipobonyeza kapeti upande wake, yaani mbele kushoto, maji yalipanda kati ya vidole vyangu kana kwamba nakamua taulo.

Fundi wa kwanza aliniambia kuwa ni kiyoyozi. Alizibua bomba lake la kutolea maji, nikamlipa, na mvua iliyofuata kapeti likalowa tena. Wa pili alitazama kioo cha mbele kwa muda usiozidi dakika mbili, akasema, “Mzee, hapa ni kioo tu,” kisha akapaka silikoni kuzunguka kioo chote mpaka kwenye kifuniko cha plastiki kilicho chini ya wipa. Mvua iliyofuata maji yaliongezeka. Wa tatu alitaka kubadilisha raba za milango yote minne, na hapo ndipo niliposita, kwa sababu nilitambua kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza maji huonekana lini. Sisemi hivyo kwa dharau. Ni watu wanaojua kazi na wanaofanya kazi kwa haraka kwa sababu magari yamepanga foleni. Hata hivyo, swali hilo moja lingeniokolea miezi miwili.

Lingeniokolea kwa namna hii. Januari na Februari nilikuwa nawasha kiyoyozi kila siku katika foleni ya Barabara ya Mandela, kwenye joto ambalo kila mkazi wa jiji hili analijua, na kapeti lilibaki kavu kabisa. Kiyoyozi hugeuza unyevu wa hewa kuwa matone ya maji, na katika mji wa pwani kama huu maji hayo ni mengi. Yanapaswa kupita katika bomba dogo na kudondoka chini ya gari. Dimbwi dogo chini ya gari lililosimama na kiyoyozi kikiwaka ni dalili njema. Ukiona siku ya joto kiyoyozi kinapuliza baridi na chini hakudondoki kitu, hapo ndipo ushuku bomba limeziba na maji yanarudi ndani. Gari langu lilikuwa likidondosha vizuri siku zote, na kapeti lililowa baada ya mvua tu, hata siku ambazo gari halikuwashwa. Kiyoyozi kilikuwa hakina kosa, na ushahidi huo nilikuwa nao mimi mwenyewe bila kuulizwa.

Uko ushahidi mwingine wa kuangalia kabla ya kushika bisibisi. Chukua tishu nyeupe, ikandamize kwenye kapeti lililolowa, kisha uitazame na kuinusa. Maji ya mvua na ya kiyoyozi hayana utelezi. Yakiwa na rangi ya kijani au nyekundu, yakateleza kama mafuta na kunukia utamu, hayo ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita iliyo nyuma ya dashibodi, na kioo cha mbele kwa kawaida hupata utando wa mafuta upande wa ndani. Gari la namna hiyo lisiendeshwe likisubiri matengenezo, kwa kuwa injini inapoteza maji yake ya kupoozea na inaweza kuungua.

Baada ya kuondoa hayo mawili nilibaki na mvua, na mvua ina milango mingi. Ugumu wake ni kwamba maji hayaonekani pale yalipoingilia. Yanaweza kuingia juu ya kioo, yakafuata nguzo ya mbele ndani ya plastiki, yakapita chini ya kizingiti cha mlango na kutulia miguuni mwa abiria wa nyuma, huku wewe ukihangaika na mlango wa nyuma ambao ni mzima. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kulikausha gari lote, maana juu ya kitu kilicholowa huwezi kuona njia ya maji mapya.

Kukausha kwenyewe tulikuwa tumekukosea. Kila mara nilikuwa nikiacha milango wazi juani mpaka kapeti likawa kavu kwa kugusa, nikadhani yamekwisha. Chini ya kapeti kuna sponji nene, na sponji hiyo hushika maji kwa wiki nyingi bila juu kuonyesha chochote. Tulipofungua kiti na kulinyanyua kapeti lote, mimi na mpwa wangu, tulikuta sponji nzito kama mtoto mchanga, bati la sakafu limeanza kutu, na plagi moja ya nyaya chini ya kiti imeota ukijani kwenye shaba. Katika magari mengi ya sasa, chini ya viti vya mbele hupita nyaya za mifuko ya hewa inayomkinga dereva na abiria wakati wa ajali, ambazo plagi zake kwa kawaida ni za rangi ya njano. Ndiyo maana nasema maji ndani ya gari si suala la harufu peke yake. Na anayefungua viti achomoe betri kwanza, asubiri dakika kadhaa, ndipo aguse plagi hizo.

Gari lilipokauka tulibandika vipande vya tishu kwenye kila kiungo cha bati kilichokuwa kikionekana upande ule: pembeni mwa mlango, chini ya dashibodi, na kuzunguka raba ambamo nyaya hupita kutoka kwenye injini. Mpwa wangu alilala sakafuni kichwa kikiwa chini ya dashibodi, tochi mkononi. Mimi nilikuwa nje na mpira wa maji, bila presha, maji yakitiririka polepole kama mvua. Tulianza chini na kupanda, kwa sababu ukianza kwenye paa maji hushuka kila mahali na hutajua ni wapi palipovuja. Kila sehemu tuliipa dakika kumi au zaidi. Mlango haukuvuja, na kioo cha mbele, ambacho kilikuwa kimekwisha kupakwa silikoni ya elfu arobaini, hakikuvuja pia.

Jambo lililonifundisha zaidi ni mteremko. Kule gereji fundi alikuwa amemwaga ndoo moja juu ya gari lililosimama sakafuni pa sawa, akaona hakuna kitu. Nyumbani kwangu uwanja umeinama, na gari hulala upande wa kushoto ukiwa chini, juu yake kuna mwarobaini. Tuliliegesha vilevile lilivyokuwa likilala usiku wa mvua, nikaelekeza mpira chini ya wipa. Zilipita kama dakika kumi pasipo kitu. Kisha mpwa wangu akapiga kelele: “Mjomba, yanamwagika!” Maji yalikuwa yakitoka ndani ya nyumba ya feni, nyuma ya droo ya dashibodi, kwa wingi ambao hakuna raba ya mlango ingeweza kuupitisha.

Chini ya wipa, kwa wasiopajua, pana mfereji wa bati uliofunikwa kwa plastiki nyeusi. Maji yote yanayoshuka kwenye kioo huangukia humo, yakaenda pembeni na kutoka kupitia matundu yaliyo nyuma ya matairi ya mbele. Humohumo ndimo gari linamovutia hewa safi ya ndani, kupitia mdomo wenye ukingo ulioinuliwa ili maji yasiufikie. Matundu yakiziba, mfereji hujaa kama karai, maji yakavuka ukingo na kushukia kwenye feni. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, feni hiyo mara nyingi iko kushoto, ndiyo maana miguu ya abiria hulowa. Manyunyu yalikuwa hayaujazi mfereji, na ndoo moja kwenye sakafu ya sawa haikuujaza. Ilihitajika mvua ya saa nzima na mteremko wa uwanja wangu.

Tulipong'oa wipa na kile kifuniko tulikuta majani ya mwarobaini yaliyooza na kuwa tope jeusi. Juu ya tundu la kushoto, mahali ambapo maji yalikuwa bado na upenyo mdogo, palikuwa na donge la silikoni. Fundi wa pili alikuwa ameziba njia ya kutokea akidhani anaziba ya kuingilia.

Hilo ndilo hasa lililonifanya niandike, Mhariri. Mwili wa gari umejengwa ukijua kwamba maji yataingia katika baadhi ya sehemu zake, na umewekewa matundu ya kuyatoa. Ndani ya mlango maji hupita kila siku kando ya kioo, yakatoka kwenye vitundu vya chini. Kinachoyazuia yasije kwa abiria ni nailoni iliyobandikwa nyuma ya ubao wa mlango. Anayefunga spika au mota ya kioo akaichana nailoni ile na kuitupa, analeta maji ndani. Fundi wa bodi anayejaza vitundu vile kwa puti ili mlango uonekane nadhifu anauozesha mlango. Magari yenye dirisha la paa yana mirija myembamba kwenye pembe zake, inayoshuka ndani ya nguzo. Ikiziba, kitambaa cha paa hulowa na watu hulaumu raba ya dirisha. Silikoni ikipakwa bila uchunguzi katika yoyote kati ya sehemu hizi huficha kosa na kulizidisha, na kuibandua baadaye ni kazi kubwa kuliko kosa lenyewe.

Baada ya kusafisha mfereji maji yalitoka nyuma ya tairi mara moja. Hata hivyo tishu moja iliendelea kulowa, tone kwa tone. Tulifuata tone hilo hadi kwenye waya wa king'ora uliofungwa na mmiliki aliyetangulia: aliyeufunga alipasua raba kwa kisu, akaupitisha ukishuka moja kwa moja kutoka juu, na maji yakaufuata waya hadi ndani. Tulibadilisha raba na kuuacha waya uning'inie chini kuliko tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondoke penye mkunjo. Nawaomba wanaofunga ving'ora na vifaa vya kufuatilia magari wazingatie hilo; haligharimu kitu isipokuwa sentimeta chache za waya.

Kwa wanaonunua, nitaongeza machache. Karatasi ya mnada wa Japani inaweza kukuambia gari lilivyokuwa siku ile lilipouzwa kule. Haijui lilipolala tangu liliposhuka hapa. Nyanyua kapeti mahali popote linaponyanyuka. Toa tairi ya akiba ndani ya buti na uguse shimo lake, maana raba za taa za nyuma zikichoka maji hukusanyika hapo. Na tofautisha gari linalovuja na gari lililozama katika mafuriko: vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, na ukikuta matope makavu au mstari wa maji kwenye mkanda, au bolti za viti zote zimeshika kutu kwa kimo kimoja, achana nalo hata likiwa limepuliziwa manukato ya aina gani. Muuzaji anayejua gari limelowa na kulifunika kapeti jipya anamuuzia mwenzake hatari, na sioni sababu ya kuliita hilo biashara.

Ningeomba pia ukurasa wako wa magari uonyeshe, kabla ya vuli, picha ya mfereji huu ulipo na matundu yake yanapotokea kwa magari tunayoyatumia zaidi. Wengi wangeweza kuusafisha wenyewe kwa mkono.

Sponji ilikaa juani siku tisa kabla ya kukauka kabisa. Bati tumelikwangua na kulipaka dawa ya kutu, na plagi iliyoota ukijani imebadilishwa na fundi umeme. Mvua mbili za mwisho wa Mei zilinyesha usiku kucha gari likiwa palepale uwanjani, na asubuhi niliingiza mkono chini ya kapeti nikaukuta mkavu. Mwarobaini sijaukata, kila Jumamosi nafungua boneti na kutoa majani.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam