Mkate wa ndizi unataka ndizi zilizododa, mtuandikie hivyo

Mhariri, habari za kazi.

Naandika kuhusu ile resipi ya mkate wa ndizi mliyoitoa kwenye ukurasa wenu wa mapishi. Niliikata nikaibandika ukutani jikoni, Jumamosi nikaipika vile vile ilivyo bila kuongeza wala kupunguza, mkate ukatoka mweupe, mkavu, harufu ya ndizi hamna, watoto wakala kipande kimoja kimoja na chai wakaacha. Siandiki kumlaumu mtu, naandika kwa sababu najua kuna wamama na wadada wengi wataupika hivyo hivyo halafu waseme mkate wa ndizi sio kitu, wakati shida ipo sehemu mbili tu, ndizi na jiko.

Mmeandika ndizi mbivu tatu, basi. Mbivu kivipi sasa, na ndizi gani? Mimi nakaa Mabibo, sio mbali na soko la Mahakama ya Ndizi, malori yanashusha mikungu kutoka Tukuyu, Morogoro, Kilimanjaro, nimezizoea ndizi tangu nahamia huku. Mtu akisoma ndizi mbivu anaenda kuchukua kimalindi, ile ndizi ndefu ya kula, ya njano iliyokaza, inayong'aa, maana ndo anayojua ni nzuri. Hiyo ni ya kula mkononi. Ya mkate ni ile ambayo mtu wa soko jioni kashaiweka pembeni, ganda limejaa madoa au limekuwa jeusi kabisa, ukiibonyeza kidole kinazama, na anakupa chana nzima kwa hela ndogo sana maana anajua kesho hailali tena. Zisipopata mtu zinatupwa. Inaniuma kila nikipita pale asubuhi nikiona rundo la ndizi limemwagwa, ni jasho la mkulima, kalipia na usafiri, halafu sie nyumbani tunapika mkate na ndizi ambazo hazijafika.

Na sio suala la ladha yangu mimi tu. Ndizi ikiwa mbichi imejaa wanga, ndo maana tunaipika na nyama kama viazi, ikianza kuiva ule wanga unageuka sukari, na haiishii pale inapokuwa njano, inaendelea, kwa hiyo ile ya njano iliyokaza bado ina wanga ndani na ile nyeusi imeshakuwa tamu, laini, na harufu imekolea. Ndo maana ukitumia ile nyeusi unapunguza sukari karibu nusu. Wachaga wanalijua hili siku nyingi, pombe yao ya mbege inapikwa na ndizi zilizoachwa zikaiva sana. Uganda wana kabalagala, wanaponda vindizi vidogo vitamu vilivyoiva kupita kiasi wanakanda na unga wa muhogo wanakaanga. Hata huko Marekani mkate huu ulienea miaka ya 1930, wakati maisha ni magumu na hakuna wa kutupa tunda kisa limekuwa jeusi. Yani asili yake ni kuokoa ndizi, sasa ukimwambia mtu akanunue ndizi nzuri kwa ajili ya mkate umeshautoa kwenye maana yake.

Ila nyeusi ina mpaka wake, hili nalo mliandike. Ganda likiwa jeusi lakini ndani nyama bado ni ya rangi ya maziwa au kahawia kidogo, twende. Ukiona ukungu, au inavuja maji, au inanuka pombe, hiyo imeharibika, usijaribu.

Aina pia. Kisukari ndo mfalme hapa kwa maoni yangu, ganda jembamba, ikikaa siku mbili tatu tu imeshalegea, na utamu wake hauna mpinzani, ila ni ndogo kwahiyo tatu hazitoshi hata kidogo, weka saba au nane. Kimalindi tatu kubwa zinatosha. Mkiandika kikombe kimoja na nusu cha ndizi zilizopondwa hamna mtu atakosea, awe na ndizi yoyote.

Mimi navyofanya, naponda hizo ndizi kwa uma mpaka ziwe kama uji, navunja mayai mawili, nusu kikombe cha sukari, nusu kikombe kasoro cha mafuta, vijiko vinne vya tui zito la kwanza, iliki nilizozitwanga muda huo huo (za kopo zishapoteza harufu), kijiko kimoja cha maji ya ndimu. Pembeni vikombe viwili vya unga wa ngano na kijiko cha chai cha soda ya kuokea na chumvi kidogo. Ile ndimu sio pambo, soda bila kitu cha uchachu haiumuki vizuri na inaacha ladha kama ya sabuni, ndizi zina uchachu wake kidogo ila ndimu inasaidia. Halafu nazi, nusu kikombe ya kukunwa, naikaanga kavu kwenye kikaango mpaka ianze kuwa ya dhahabu ndo naitia, hapo ndo mkate unanukia kipwani kwelikweli. Ukishachanganya unga koroga kidogo tu, mabonge madogo yaache, maana ukikoroga sana unavutika kama chapati na mkate unakuwa mgumu.

Sasa jiko, na hapa ndo nilitaka nifike. Mmeandika oveni digrii 180, dakika 50. Ni sahihi kwa mwenye oveni. Lakini Mhariri, wapangaji wangapi hapa mtaani wana oveni? Mtu ana jiko la mkaa na gesi ya plet mbili, akisoma hivyo anageuza ukurasa, kashajua hili halimuhusu, wakati mama zetu wameoka mkate wa kumimina miaka yote kwa kupalia moto juu na chini. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu uliochekechwa chini, funika, weka jikoni kama dakika kumi ishike moto, ingiza kopo la mkate lililopakwa mafuta, funika, weka makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, ukikosea hapa unaungua chini na juu unabaki mbichi. Saa nzima hivi, usifunue funue. Kujua umeiva chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu epua.

Ninachoomba ni kitu kidogo tu, kila mkiweka resipi ya kuoka wekeni na mistari miwili ya mwenye mkaa, na ndizi mziite kwa majina yake. Hizi sio siri za mpishi wa hoteli, ni vitu vya sokoni kwetu.

Jirani yangu kaniuliza kama mzuzu, ile ndizi kubwa ya kupika, unafaa. Mzuzu hata ukiwa mweusi bado unabaki na ugumu wake, haupondeki ukawa uji, huo bora uupike na tui, sukari na iliki kama tunavyofanya Ramadhani. Na mkate ukishaepua usiukate wa moto, utavunjika vunjika na ndani utauona kama haujaiva. Uache upoe kabisa, ufunge kwenye kitambaa safi ulale nao usiku mmoja. Asubuhi ndo ndizi na iliki zimeingiana, na unyevu umesambaa mpaka pembeni, mimi wa kwangu sikati tena siku ile ile.

Msomaji wenu,
Mabibo, Dar es Salaam