Mama, bakteria hawali sumu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, masomo yanaendelea. Juzi kwenye simu uliniuliza kama hao bakteria wangu wanakula sumu, nikakujibu ndiyo kwa haraka. Jibu hilo limenikera tangu siku ile.

Hawaili, Mama. Mafuta yakimwagika, wapo bakteria wanaoyala hadi yaishe. Lakini sumu ninayohangaika nayo mimi ni metali zilizonasa kwenye tope. Risasi, namaanisha ile metali, haiishi. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, haiishi. Uichome, uizike, bado ipo. Kinachowezekana ni kuihamisha, au kuifunga isitembee.

Kazi yangu ni kuhamisha. Tunachukua mashapo yaliyochotwa chini ya maji, tope jeusi lenye harufu ya yai viza, tunalikoroga na maji, tunatia unga wa salfa na kupuliza hewa. Salfa ndiyo chakula chao. Bakteria aitwaye Acidithiobacillus thiooxidans huitumia na kutoa asidi ya salfuriki, ileile ya betri za magari. pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, hufika 2 hivi, na metali zilizong'ang'ania chembe za tope huachia, zikayeyukia majini. Zinki na kadimiamu hutoka vizuri, shaba pia. Risasi ni kaidi: ikikutana na asidi hiyo hugeuka salfeti isiyoyeyuka, ikabaki palepale.

Wiki mbili za mwanzo pH yangu haikushuka. Nilidhani nimewaua. Kumbe mashapo yale yalijaa vipande vya makombe, na makombe ni kama chokaa: kila asidi iliyotoka ilimezwa. Tukaongeza salfa, tukangoja. Asubuhi niliyokuta kipimo kinasoma 2.3 machozi yalinitoka.

Wapo bakteria wengine wanaofunga. Wanaishi pasipo oksijeni, na ndio wanaotoa ile gesi ya yai viza. Metali ikiungana nayo huwa salfaidi ngumu kuyeyuka. Wengi wanaipenda njia hii kwa kuwa haihitaji kuchimbua kitu. Mimi inanitia wasiwasi. Tope likivurugwa na kupigwa na hewa, kufuli hilo hufunguka. Isitoshe, baadhi ya bakteria hao hao hugeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, inayojikusanya ndani ya samaki. Ni sumu hiyo, ingawa ilitoka kiwandani, iliyowaangamiza watu wa Minamata kule Japani. Ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mahali penye zebaki nisingethubutu kuwaachia kazi bila kupima samaki kila mara.

Najua utauliza: zikishatoka kwenye tope zinakwenda wapi? Yale maji tunayatenga, tunayatia chokaa, metali zinaganda na kutuama chini. Tope nalo tunalisuuza na kulitia chokaa, maana limekuwa kali mno kurudishwa lilikotoka. Mwishoni nabaki na masimbi ya kijivu, yaani hizo metali zilizotuama, kwenye ndoo yenye kifuniko, na kila ndoo naiandika mwenyewe kilichomo na uzito wake kabla haijaondoka maabara.

Msalimie Baba na wadogo zangu. Nitapiga Jumapili.

Mwanao akupendaye