Busta kubwa ya breki si dawa ya kila pedeli ngumu

Ndugu Mhariri,

Pikapu nyingi zinazoteremsha mboga kutoka Lushoto hadi Tanga mjini ni za zamani. Pedeli ya breki ikianza kuwa ngumu, wenye magari hukimbilia kufunga busta kubwa ya dayaframu mbili. Busta ni kopo la bati kati ya pedeli na breki: hewa yake ya upande mmoja hunyonywa, na hewa ya nje ikasukuma dayaframu, yaani ngozi ya mpira iliyo ndani, ili kuusaidia mguu. Kazi hiyo ina faida, hasa kwa njia yetu: Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na busta hupoteza sehemu ya nguvu pale pale mteremko wa Soni, njia ya kushukia Mombo, unapoanza. Lakini ikifungwa kiholela, inaua.

Pima kwanza ile iliyopo. Zima injini, kanyaga pedeli mara tano au sita mpaka iwe ngumu, uikandamize hivyo hivyo, kisha washa. Ikizama kidogo, busta ni nzima. Isipozama, usikimbilie dukani. Injini ya petroli huvuta hewa ya busta kupitia manifodi, bomba lake la kuingizia hewa, lakini injini za dizeli za Hilux kama 2L na 3L hutegemea pampu ndogo iliyo nyuma ya altaneta, inayolainishwa na oili ya injini. Pampu ikichoka, bomba la mpira liendalo kwenye busta likipasuka au valvu yake ya njia moja ikivuja, hata busta mpya itabaki ngumu. Funga geji ya kupimia mvuto huo: hapa pwani, pampu nzima hufika karibu inchi 20 za zebaki.

Halafu fungua masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki iliyo mbele ya busta, utazame nyuma yake. Mafuta ya breki yakipungua bila tone kuonekana chini, mara nyingi sili ya nyuma imekufa na busta inayanyonya. Humo ndani ya busta mafuta hayo hubambua rangi, bati likaoza. Kufunga busta mpya kwenye masta hiyo ni kutupa fedha.

Panapoharibika zaidi ni urefu wa fimbo inayosukuma pistoni ya masta. Busta ya gari jingine huja na fimbo ya kipimo chake. Ncha yake iifikie pistoni bila kuisukuma. Ikiwa fupi, pedeli hushuka bure. Ikiwa ndefu, pistoni hairudi mpaka mwisho, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, na kila joto linavyopanda breki hujikaza zenyewe hadi dramu zitoe moshi. Kwa hiyo ukimaliza kufunga na kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, inua gari, kanyaga, achia, zungusha kila tairi kwa mkono. Kisha endesha kilomita chache upime joto la rimu.

Walioongeza majani ya springi nyuma wajue kwamba valvu inayogawa breki kwa kufuata mzigo huona gari ni jepesi, ikainyima breki ya nyuma. Ukiongeza busta bila kuirekebisha, matairi ya mbele yatafunga mapema na gari litateleza.

Na busta haipozi breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, na Soni ushuke kwa gia nzito.

Tunawaomba askari wa usalama barabarani pale Mombo waongeze kipimo hicho cha pedeli katika ukaguzi wao. Hakimalizi hata dakika moja.

Fundi magari,
Tanga