Kabla hujaongeza gesi, pima chemba inavyovuja

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia. Unauliza uweke naitrojeni kiasi gani kwenye chemba yako, unamokuza almasi kwa plazima (gesi iliyopashwa hadi ikang'aa) ya hidrojeni na methani, ili zikue haraka, na papo hapo unasema zinatoka na ukahawia hata kabla hujaiweka. Ukahawia mara nyingi huja na naitrojeni; basi huenda unayo tayari, ila hujui kiasi chake.

Anza na kuvuja. Funga gesi zote, vuta hewa usiku kucha, kisha funga vali ya pampu na uandike kanieneo kila dakika. Ikipanda halafu ikatulia, huo ni unyevu unaotoka kwenye kuta. Ikipanda moja kwa moja bila kupunguza mwendo, hewa inaingia. Chemba ya lita 20 ikipanda milibari 0.03 kwa dakika 10, inaingiza kama sentimita za ujazo 0.06 kwa dakika. Utaona si kitu, lakini kwenye mtiririko wa gesi wa sentimita za ujazo 500 kwa dakika hiyo ni naitrojeni sehemu 90 hivi kwa milioni, zaidi ya dozi ambayo ungeiweka kwa makusudi! Kagua pete za mpira, kwanza ya mlango na ya dirisha la kwatsi, mpaka uvujaji upungue angalau mara 100. Hidrojeni nayo iwe ya 99.9999%.

Hapo ndipo uongeze. Usitumie naitrojeni tupu, maana hakuna kidhibiti cha kawaida kitakachoshika sentimita ya ujazo 0.01 kwa dakika. Agiza mtungi wa hidrojeni yenye naitrojeni sehemu 1,000 kwa milioni. Kwa kipimo hicho hicho, pitisha 10 ya mchanganyiko huo, hidrojeni 470 na methani 20: umepata naitrojeni 20 kwa milioni na methani 4%. Kwenye uso wa fuwele uitwao 100 kasi hupanda sana; mwaka 2002 watafiti wa Taasisi ya Carnegie, Washington, walitangaza mikromita 50 hadi 150 kwa saa wakiwa na naitrojeni ndani. Ukizidisha, kasi haiongezeki tena ila rangi inazidi, na ngazi za fuwele hujikusanya hadi uso unakuwa na mawimbi. Usibadilishe methani na naitrojeni siku moja, hutajua kilichofanya kazi ni kipi.

Oksijeni ni kinyume chake: hula kaboni isiyo almasi, na kasi hushuka. Mahali pake hasa ni kabla ya kukuza. Choma mbegu (kipande cha almasi unachokuzia juu yake) kwa plazima ya hidrojeni yenye oksijeni 2% kwa nusu saa hadi saa moja, kuondoa majeraha ya kung'arisha, kisha funga oksijeni ndipo ufungue methani. Usiingize oksijeni kabla plazima haijawaka, na usikaribie 5%, kwani mchanganyiko huo hulipuka.

Gesi ya agoni iache. Ikitawala chemba, unapata chembe ndogo mno badala ya fuwele moja. Boroni, inayotoa almasi ya buluu, itafutie chemba yake: hubaki kwenye kuta na kuchafua vito vingi vinavyofuata, tena daiborani, gesi inayoibeba, ni sumu kali.

Niletee namba za kuvuja, pamoja na picha ya vito ulivyokuza bila kuongeza naitrojeni, chini ya taa ya urujuanimno. Vikimeremeta rangi ya chungwa, naitrojeni bado inaingia, na huenda pete hazijakaa sawa.

Rafiki yako,
Idrisa