Swali la mwanafunzi wako

Mwanza

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na swali la yule mwanafunzi wako wa kidato cha sita limenifurahisha kwelikweli: kama E. coli, bakteria wa utumboni, huchukua dakika 40 kunakili DNA yake, anawezaje kugawanyika kila dakika 20? Usimkatishe tamaa. Hesabu yake haina kasoro.

DNA ya E. coli ni duara moja lenye jozi za besi (zile herufi za DNA) kama milioni 4.6. Kunakili huanzia mahali pamoja tu, oriC, ambapo protini ya DnaA huachanisha nyuzi mbili za DNA zilizosokotana. Hapo makundi mawili ya vimeng'enya huondoka, moja huku, jingine kule, kila moja likienda besi kama 1,000 kwa sekunde hadi yakutane ng'ambo. Kila kundi lina nusu ya duara, besi milioni 2.3; gawanya uone: dakika 38 na ushee.

Sasa, chakula kikiwa tele, bakteria hasubiri amalize. Duru ya kwanza ikifika nusu tu, zile oriC mbili mpya nazo zinaanza. Binti anazaliwa tayari ana mimba! DNA anayorithi ilianza kunakiliwa kabla mama yake hajazaliwa. Cooper na Helmstetter walilieleza hili mwaka 1968.

Mimi kinachoniacha hoi ni msokoto. Kwa kasi ile DNA inafumuliwa karibu mizunguko 100 kwa sekunde, na kule mbele inazidi kukaza. Kimeng'enya kiitwacho jairesi hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kipande kingine cha DNA kwenye mwanya, kisha huunga. Sipro, ile dawa ya kuua bakteria ambayo watu wanajinunulia dukani bila cheti, hukinasa kikiwa kimeshakata na bado hakijaunga. Bakteria anabaki na DNA iliyokatika, anakufa.

Ila asidhani wote wana haraka. Wa kifua kikuu ana DNA ya karibu urefu uleule, jozi milioni 4.4, na hugawanyika kama mara moja kwa siku. Ndiyo maana hapa maabara tukiotesha makohozi tunangoja wiki kadhaa, huku ndugu wa mgonjwa wanatupigia simu kila asubuhi kana kwamba tumeyakalia majibu.

Akiuliza lingine, niandikie upesi. Mama mpe shikamoo yangu, na watoto wabusu.

Wako,
Rehema