Msiuze fremu za chuma kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji maana hili jambo limenikaa rohoni toka Jumamosi iliyopita. Nilikuwa napita Igoma, hapa hapa Mwanza, kwenye yadi moja ya skrepa, pale kwenye mzani juu ya mabati na jeki mbovu nikaona fremu ya baiskeli ya kijani, zile za usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo dume, bomba zake nyembamba na foku yake, ile inayoshika gurudumu la mbele, haijapinda hata kidogo. Kijana aliyeileta kashapewa elfu tano yake anaondoka. Nikamuuliza mwanangu mbona unauza kitu kizima, akanijibu kwa heshima kabisa, "Shikamoo mzee, hiyo ya kizamani, tairi zake hazipatikani, halafu chuma zito, siku hizi watu wanataka aluminiamu."

Simlaumu yule kijana, hata mimi ningekuwa sijaendesha ningesema hivyo hivyo. Lakini mi natembelea baiskeli ya namna ile mwaka wa tisa sasa, Nyegezi mpaka mjini kila siku ya kazi, kilomita kama 10 kwenda na 10 kurudi, na ndiyo hiyo hiyo inabeba gunia la mkaa nusu, ndiyo inampeleka binti yangu twisheni, na Jumapili baada ya ibada naivua keria naenda nayo Kisesa mpaka Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma au naelekea Usagara, na toka daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 nimeshafika mpaka ng'ambo bila kusubiri kivuko. Baiskeli moja tu. Sina ya kazini na nyingine ya mazoezi.

Tuanze na huo uzito maana ndio watu wanaushikilia sana. Ni kweli chuma ni kizito karibu mara 3 ya aluminiamu ukichukua kipande kile kile, lakini chuma pia ni kigumu karibu mara 3, kwa hiyo bomba lake linatengenezwa jembamba, kwenye fremu nzuri katikati ya bomba unene haufiki hata milimita 1. Fremu ya kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni, iliyotengenezwa vizuri inacheza kwenye kilo 2 hivi. Yangu niliipeleka Mwaloni Kirumba, nikawaomba jamaa wa samaki wakaitundika kwenye mzani wao, kilo 11 na nusu nzima nzima ukitoa keria. Sasa hilo zito ni lipi? Watu wanachanganya na Phoenix za wazee wetu, zile ni habari nyingine, zinapita kilo 20 na zilitengenezwa kubeba gunia na watu wawili, na kazi yake zimeifanya, nani huku kwetu hakubebwa na Phoenix akiwa mdogo.

Ukitaka kujua unachoshika mkononi ni nini, chukua sumaku ya spika mbovu ya redio. Ikinasa ni chuma, isiponasa mara nyingi ni aluminiamu. Halafu tafuta stika kwenye bomba la siti au kwenye foku. Ukiona Reynolds 531 aisee simama hapo hapo, hiyo ni bomba ya Uingereza iliyoanza kutoka mwaka 1935 na watu wameshindania Tour de France miaka na miaka juu ya bomba hizo. Zile za Kijapani zinazokuja na mtumba mara nyingi utakuta stika ya Tange au Ishiwata. Stika ikiwa imefutika chomoa bomba linaloshika siti, usome namba iliyogongwa, ikiwa 27.2, yaani milimita, mara nyingi fremu hiyo ni ya bomba nyembamba nzuri. Hiyo kitu inapimwa kwa kilo pamoja na mabati kweli?

Kwenye tairi ndipo yule kijana ana haki, na mimi nimeumia hapo. Yangu niliinunua mtumba Mlango Mmoja kwa laki moja na themanini, ringi zake zikiwa zile za zamani za inchi 27. Nikaenda dukani nikauziwa tairi la 700, muuzaji akasema zinaingiliana, fundi akalisukuma kwa bisibisi mbili mpaka ukingo wa tairi ukachanika na hela ikaenda. Baadaye ndio nikaelimishwa kwamba usisome ile namba kubwa ya mbele, soma zile tarakimu tatu ndogo za mwisho pembeni ya tairi, ndizo kipimo cha ringi kwa milimita. Inchi 27 ni 630. Saizi ya 700 ni 622, na wakati mwingine hiyo hiyo wanaiandika 28, sasa mtu akisikia 28 anachukua la Phoenix la 28 x 1½ ambalo lenyewe ni 635, halikai. Milimita chache tu lakini tairi kubwa kwenye ringi ndogo linachomoka ukiwa kwenye mteremko, na mji wetu huu wa mawe mteremko hauko mbali na mtu yeyote.

Dawa yake ni kubadilisha ringi ziwe 622, basi. Na ukifanya hivyo unapata faida ambayo mi sikuitegemea, ringi ikiwa ndogo kidogo kuna milimita 4 za nafasi zinaongezeka kati ya tairi na fremu, raba za breki unazishusha hizo 4, na ghafla baiskeli iliyokuja na vitairi vyembamba inakubali tairi la upana wa milimita 32, ya kwangu imekubali hata 35 mbele. Hapo ndipo inapogeuka kuwa baiskeli ya kila njia. Lami inapita vizuri, vumbi la kwenda Kayenze inapita, changarawe za huku mitaani kwetu inapita, upepo najaza 60 hivi nyuma na mbele pungufu kidogo na mgongo hauniumi. Fremu nyingi za chuma za zamani zina na vitundu vya kufungia madigadi na keria, angalia pale ekseli ya nyuma inapokaa. Za mashindano mara nyingi hazina.

Ringi ya nyuma habu yake, kile kitovu cha katikati, ilikuwa imekwisha, golori zimekula njia yake yote, nikapata habu ya kisasa ya upana wa milimita 130 wakati nafasi ya fremu ni ya 126. Fundi wangu pale Nyegezi, mzee mmoja wa taratibu sana, akaichukua fremu akaipanua kwa mikono na ubao, kidogo kidogo. Kisha akafunga uzi kutoka pale ekseli inapokaa upande wa kulia, ukazunguka shingo ya usukani mpaka upande wa kushoto, akapima kwa rula umbali wa uzi na bomba la siti huku na huku mpaka pande zote zikalingana. Nusu saa. Fremu ya aluminiamu huwezi kuifanyia hivyo, ukiikunja unaitafutia ufa.

Na ufa nao nimeupata, nisidanganye. Mwaka 2021 fremu ilianza kulia kwa nyuma nikipanda kilima, nikadhani mnyororo, kumbe pale bomba dogo la nyuma linapoungana na kile kipande cha ekseli pameachia, ni mizigo ile. Nikakimbilia kwa vijana wa kuchomelea mageti wakataka kupiga umeme, bahati yule mzee akaniwahi, "Usikubali mwanangu, bomba hili jembamba umeme utalitoboa, hapa ni gesi na shaba." Tukampata fundi wa gesi Mabatini, akasafisha rangi, akapasha moto, akaunga kwa waya wa shaba, elfu nane tu. Mpaka leo naandika barua hii pale hapajafunguka. Mi hii ndiyo sababu yangu kubwa kuliko zote, chuma kikichoka mara nyingi kinakwambia mapema, kinalia, ufa unatembea polepole, na dawa yake ipo mtaani kwetu. Aluminiamu ikipasuka wapi Mwanza hii unaipeleka? Na kuna hizi mpya za dukani zenye springi mbele na gia 21 zinang'aa, jirani yangu kanunua kwa hela nyingi kuliko yangu, miezi saba springi zimeganda na pedali zinacheza, anaisukuma tu.

Kutu ndiyo adui, hilo nakubali, ila sisi tuna bahati ziwa letu ni maji baridi, hatuna ile chumvi inayotafuna vyuma vya wenzetu wa Tanga na Dar. Kutu ya fremu inaanzia ndani, maji ya mvua yanapita kwenye bomba la siti yanatuama pale chini pedali zinapopitia. Kabla ya masika na kabla ya vuli mi nachomoa siti, nageuza baiskeli juu chini ikauke siku nzima juani, namimina oili kidogo ndani naizungusha izunguke bomba zote, na lile bomba dogo linaloshika siti nalipaka grisi kabla ya kulirudisha, ukisahau grisi miaka miwili litanasa na hapo utatafuta watu wa kukusaidia kulivuta.

Sasa Mhariri ombi langu ni kwa watu wa skrepa na wanaowauzia. Kabla hamjaiweka kwenye mzani mwiteni fundi baiskeli yeyote wa jirani aiangalie, atawapa zaidi ya hiyo elfu tano na fremu itatembea tena miaka 20. Vijana wetu wanalipa nauli ya daladala kila siku na bodaboda juu yake, wakati usafiri wao unayeyushwa kuwa nondo.

Ile ya kijani niliinunua pale pale kwa elfu saba. Haina ufa, nimeikagua na tochi mpaka ndani, inahitaji ringi mbili za 622, nyaya za breki na mnyororo. Inamfaa mtu wa urefu wa wastani. Mimi ninayo yangu sihitaji ya pili, kwa hiyo yule kijana wa Igoma akisoma hapa au akisomewa, fremu iko kwa fundi chini ya mwembe karibu na stendi ya Nyegezi, aje na hiyo elfu saba yangu aichukue, na asipotokea mpaka mwisho wa mwezi atapewa mwanafunzi yeyote anayetembea mbali kwenda shule. Pampu yake ya zamani ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye bomba, nimeibadilisha raba ya ndani, inajaza vizuri.

Msomaji wenu,
Nyegezi, Mwanza