Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Shuleni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni. Tunakushukuru, mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, chupa zilizo mezani kwako zina viwavijeshi, wadudu walewale wanaoshambulia mahindi ya shamba la shule. Tunawafuga ili tuone wanavyojivua ngozi. Kiwavi huacha kula, akatulia, kisha ganda la kichwa humdondoka likiwa dogo kama mbegu ya mchicha, na kichwa kipya, kikubwa zaidi, hutokea kikiwa cheupe.

Anayetoa amri ya kujivua ngozi ni homoni iitwayo ekidaisoni. Mwaka 1954, wanasayansi Butenandt na Karlson wa Ujerumani walitumia kilo 500 za pupa wa nondo wa hariri wakapata miligramu 25 tu za homoni hiyo!

Lililotuvutia zaidi ni kwamba seli husikia amri hizi hata zikiwa nje ya mwili. Mwaka 1962, mwanasayansi Thomas Grace wa Australia aliotesha seli za ovari za nondo chupani, zikaendelea kugawanyika bila kukoma. Katika maji ya virutubisho aliongeza damu ya nondo, maana sukari na chumvi pekee hazikutosha. Seli huhitaji pia kuambiwa zikue. Insulini huzihimiza, na zipo protini za ukuaji ambazo seli zenyewe huzitoa na kuzimwaga majini. Ekidaisoni nayo ikitiwa kwenye seli fulani za inzi wa matunda, huacha kugawanyika na kuanza kuchomoza mikia mirefu.

Mheshimiwa, seli za ovari za kiwavijeshi huyuhuyu, ziitwazo Sf9, ndizo zinazotengeneza protini ya chanjo ya UVIKO-19 ya Novavax. Adui wa mkulima amegeuzwa kiwanda cha dawa, nasi tunataka vijana wa hapa wajifunze kazi hiyo. Seli hizi hustawi kwenye nyuzi joto 27 hivi, wala hazihitaji kulishwa gesi ya kaboni dioksidi kama seli za binadamu.

Changamoto yetu ni vifaa: hadubini tunayo moja, klabu nzima. Tunaomba utusaidie kupata hadubini ya kutazamia chupa kutokea chini, na utuombee nafasi ya kutembelea maabara ya chuo kikuu inayootesha seli. Chupa na viwavi tutaendelea kuvitafuta wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.